KILIO CHA BINTI WA KUWAIT: IBN KHALDUN ANATUFUNDISHA KUSOMA HABARI

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Sifa zote njema ni za Allah (SWT), Mola wa viumbe wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W), ahli zake na maswahaba zake wote. Ama baad.

Karibu kila siku napokea ujumbe wa namna moja: video au picha, na chini yake maneno mafupi, "Sheikh, hii ni kweli?" Leo nawajibu wote kwa pamoja. Sitasema hii ni kweli na ile ni uongo, maana kesho itakuja nyingine na mtarudi kuniuliza tena. Nataka tujifunze namna ya kuichunguza habari wenyewe. Somo ni refu kidogo, lisome taratibu, na ukichoka lihifadhi umalizie baada ya swala.

Tuanze na kisa cha kweli.

KISA CHA OKTOBA 1990

Tarehe 2 Agosti 1990, majeshi ya Iraq chini ya Saddam Hussein yaliingia Kuwait na kuiteka. Hiyo ilikuwa dhulma ya wazi. Waislamu walivamia nchi ya Waislamu wenzao, wakaua, wakatesa na wakapora. Nalisema hili mapema ili asije mtu akadhani namtetea Saddam.

Lakini wananchi wengi wa Marekani hawakuwa na hamu ya kupeleka watoto wao vitani kwa ajili ya nchi ambayo hata kwenye ramani hawakuijua. Ndipo tarehe 10 Oktoba mwaka huo, mjini Washington, binti wa miaka 15 akaletwa mbele ya kikao cha wabunge wanaoshughulikia haki za binadamu. Alitambulishwa kwa jina moja tu, Nayirah. Ikaelezwa kwamba jina kamili linafichwa ili ndugu zake walioko Kuwait wasidhuriwe.

Binti yule alisema huku akilia kwamba alikuwa akijitolea katika hospitali ya al-Addan, na kwamba aliwaona askari wa Iraq wakiingia na bunduki, wakiwatoa watoto njiti kwenye mashine za joto, wakizichukua mashine na kuwaacha watoto wafe kwenye sakafu ya baridi.

Nani asiyelia akisikia hivyo? Kilio kile kikarushwa katika televisheni na kuonwa na mamilioni ya watu. Rais George Bush, yule baba, akakirudia kisa hicho mara kadhaa katika hotuba zake. Maseneta wakakitaja walipokuwa wakijadili vita. Mwezi Desemba, shirika la Amnesty International likakiingiza katika ripoti yake na kutaja zaidi ya watoto 300. Tarehe 12 Januari 1991, Seneti ya Marekani ikapiga kura kuruhusu vita: 52 wakakubali, 47 wakakataa. Tazama pengo lilivyokuwa dogo. Siku chache baadaye mabomu yakaanza kuanguka juu ya Baghdad.

Vita ikaisha. Waandishi na wachunguzi wakaingia Kuwait, wakawauliza madaktari na wauguzi, na kisa kile hakikuthibitika. Aprili 1991 Amnesty wakaiondoa kauli yao. Kisha Januari 1992 mwandishi John MacArthur akaandika katika gazeti la New York Times jambo ambalo umma haukuwa umeambiwa: binti yule alikuwa mtoto wa Saud Nasir al-Sabah, balozi wa Kuwait nchini Marekani, mtu wa ukoo unaotawala. Na waliomwandaa walikuwa kampuni ya mahusiano ya umma iitwayo Hill & Knowlton, iliyolipwa zaidi ya dola milioni 10 na jumuiya iliyokuwa ikipata fedha zake karibu zote kutoka serikali ya Kuwait.

Ndugu yangu, jiulize. Wabunge wasomi, marais, wahariri wa magazeti makubwa, watetezi wa haki za binadamu, walipitwaje na jambo hili? Jibu liliandikwa miaka mia sita kabla, na Muislamu.

IBN KHALDUN NA SABABU ZA UONGO KATIKA HABARI

Abdurrahman Ibn Khaldun alizaliwa Tunis mwaka 732 Hijria, sawa na 1332 Miladia, na akafariki Cairo mwaka 808 Hijria (1406) akiwa kadhi wa madhehebu ya Imamu Malik. Alitumikia wafalme, akafungwa jela, akaona dola zikiinuka na kuanguka. Mwaka 1377, akiwa amejitenga katika ngome ya Qal'at Ibn Salama katika Algeria ya leo, aliandika Muqaddimah, kitabu ambacho mpaka leo wasomi wa elimu ya jamii, Waislamu na wasiokuwa Waislamu, wanakihesabu miongoni mwa misingi ya elimu yao. Yeye aliiita elimu hiyo ilmul umran, yaani elimu ya maisha ya wanadamu wanapokaa pamoja: namna wanavyojitafutia riziki, wanavyotawaliwa na wanavyoshikamana.

Kwa nini aliibuni? Sababu mojawapo kubwa ni hii tunayoizungumza. Aliona wanahistoria wakubwa wakinakili habari za uongo, akataka kipimo. Akataja sababu zinazoingiza uongo ndani ya habari. Nitaje nne tu, kila moja tuipime kwa kisa cha Kuwait.

Ya kwanza ni kuwa na upande. Nafsi ikiwa katikati, anasema Ibn Khaldun, huipa habari haki yake ya kuchunguzwa. Lakini ikishapenda kundi fulani au rai fulani, hupokea papo hapo kila kinachoafikiana nayo. Mapenzi yanakuwa pazia juu ya jicho la akili. Watu walikuwa tayari wanamchukia Saddam, tena kwa haki, na chuki ile ikawatosha kuwa ushahidi.

Ya pili ni kuwaamini wapokezi bila kuwapima. Hapa wanafunzi wa elimu ya hadithi watanielewa haraka. Mnajua maana ya tadlis. Aina moja ya tadlis ni mpokezi kumtaja shekhe wake kwa jina au sifa isiyojulikana, ili wasikilizaji wasimtambue. Sasa mtazame "Nayirah". Jina lilikuwa lake kweli, lakini lilitajwa kwa namna ambayo hakuna angeweza kuuliza: binti wa nani? Anaishi wapi? Ana maslahi gani? Laiti kikao kile kingekuwa na mwanafunzi mmoja tu wa mustalah, angesimama na kusema: huyu ni majhul, hajulikani, tusimjengee vita.

Ya tatu ni kutojua kwamba tukio lenyewe limepambwa. Ibn Khaldun anaeleza kuwa mtu anaweza kusimulia kwa uaminifu kile alichokiona, kumbe alichokiona kilitengenezwa. Kituo cha televisheni kilichorusha picha ya binti akilia hakikubuni machozi yale, yalikuwepo. Lakini kikao kilipangwa na picha zilipigwa na watu waliolipwa kazi hiyo. Ukweli wa picha si ukweli wa habari.

Ya nne, na hii ndiyo aliyoiona kubwa kuliko zote, ni kutojua tabia ya mambo yenyewe, yaani namna maisha ya watu yanavyokwenda. Mfano wake maarufu ni habari iliyonakiliwa na al-Mas'udi na wengine, kwamba jeshi la Bani Israil pamoja na Nabii Musa (a.s.) jangwani lilifika watu 600,000. Ibn Khaldun hakuishia kuuliza nani kasema. Alipiga hesabu. Yaaqub (a.s.) aliingia Misri na watu kama 70, na baina yake na Musa ni vizazi vinne tu. Watu 70 watazaaje jeshi la namna hiyo kwa vizazi vinne? Na jeshi la idadi ile litapangwaje safu, wakati upande mmoja usingejua upande wa pili unafanya nini? Habari ikaanguka kabla mpokezi wake hajaguswa.

Hapa pana faida kubwa. Katika hadithi za sheria, anasema, tunaanza na wapokezi kwa sababu ni maamrisho, na tukithibitisha uadilifu wao tunatenda. Lakini katika habari za matukio, swali la kwanza ni hili: je, jambo hili linawezekana kutokea? Likiwa haliwezekani, uadilifu wa mpokezi hauna la kusaidia. Rudi Kuwait. Watoto zaidi ya 300 kutolewa kwenye mashine. Hebu nenda hospitali ya mkoa wako uhesabu mashine za namna hiyo ziko ngapi. Nchi ndogo kama ile ingekuwa na watoto njiti wangapi kwa wakati mmoja? Swali hilo halikuhitaji ndege wala ruhusa ya kuingia Kuwait, ila watu walikuwa wakilia, na mtu anayelia hapigi hesabu.

WALIOKUJA BAADA YAKE

Hekima ni kitu kilichompotea Muumini, popote aipatapo huichukua. Wako wasomi wa zama zetu, wasiokuwa Waislamu, walioliangalia jambo hili kwa upande wa vyombo vya habari.

Edward Said alikuwa Mpalestina kutoka familia ya Kikristo, mzaliwa wa Jerusalem. Mwaka 1981, baada ya vyombo vya Marekani kuripoti Mapinduzi ya Iran na kutekwa kwa wanadiplomasia wa Kimarekani mjini Tehran, alitoa kitabu Covering Islam. Kwa Kiingereza neno hilo la kwanza lina maana mbili: kuripoti jambo, na kulifunika. Hoja yake ni kwamba ile ripoti yenyewe ndiyo inayofunika. Unapewa ndevu, ngumi na makelele barabarani, hupewi historia, uchumi wala mtu mmoja mmoja mwenye akili zake. Mwisho unadhani umeujua Uislamu.

Mwaka 1988 Edward Herman na Noam Chomsky wakatoa Manufacturing Consent. Wao wanasema habari hupita kwenye machujio kabla ya kukufikia: nani anamiliki chombo, nani analipia matangazo, mwandishi anategemea nani kumpa taarifa, nani atamshambulia akiandika kisichotakiwa, na itikadi gani inatawala. Si lazima kuwe na mtu mmoja gizani anayetoa amri. Mambo yakipangwa hivyo, habari huelekea upande mmoja yenyewe, kama maji yanavyofuata mtaro.

Wakaonyesha pia kwamba kuna wahanga wanaostahiki huruma na wahanga wasiostahiki. Walilinganisha padri mmoja aliyeuliwa na polisi wa Poland ya kikomunisti mwaka 1984 na watu wa dini mia moja waliouawa Amerika ya Kusini na ya Kati katika nchi zilizokuwa rafiki wa Marekani. Yule mmoja aliandikwa zaidi kuliko wote wale mia. Damu ni ile ile, tofauti ni nani aliyeimwaga.

Sisi tunao mfano wetu. Machi 1988 Saddam huyo huyo aliwaua maelfu ya Wakurdi, Waislamu wenzetu, kwa gesi ya sumu katika mji wa Halabja. Lile lilitokea kweli, makaburi yapo. Lakini wakati ule alikuwa akipigana na Iran, na Marekani ilikuwa ikiegemea upande wake. Hakuna majeshi yaliyokwenda kuwalilia watoto wa Halabja.

Na yaliyotokea 1990 yakajirudia kwa sura nyingine. Jumapili ya tarehe 8 Septemba 2002, New York Times liliandika ukurasa wa mbele, kwa kutegemea maofisa wa serikali wasiotajwa majina, kwamba Iraq inatafuta mabomba ya alumini kwa ajili ya silaha za nyuklia. Asubuhi ile ile Makamu wa Rais Dick Cheney akatokea katika televisheni akilitaja gazeti hilo kuwa ushahidi. Fahamu mchezo ulivyo: serikali inanong'ona kwa gazeti, gazeti linaandika, serikali inasema, "Si mimi, gazeti limesema." Anayesikiliza anadhani ana njia mbili, kumbe isnadi zote zinarudi kwa mpokezi mmoja. Machi 2003 Iraq ikavamiwa. Silaha hazikupatikana. Mei 2004 gazeti likawaandikia wasomaji wake kukiri mapungufu. Nani atawarudishia watu wa Iraq waliokufa?

USIDHANI NI MAMBO YA MBALI

Afrika Mashariki tumeyaona. Tarehe 3 Machi 1959, katika kambi ya Hola, kando ya Mto Tana nchini Kenya, wafungwa wa Mau Mau walipelekwa kulazimishwa kufanya kazi. Kumi na mmoja walikufa. Taarifa ya kwanza ya serikali ya kikoloni ilitaja vifo 10, ikasema vilitokea baada ya wafungwa kunywa maji kutoka kwenye gari la maji, ambalo walinzi nao walilitumia.

Sasa weka kipimo cha Ibn Khaldun juu ya maneno hayo. Maji ni yale yale, wameyanywa wafungwa na walinzi. Yakawa na akili ya kuchagua? Yakamjua nani mfungwa na nani askari? Habari inaanguka kwa tabia ya mambo, hata kabla hujaenda Hola. Na kweli, uchunguzi wa hakimu ulionyesha kwamba wale watu walikufa kwa kupigwa. Julai mwaka ule wabunge mjini London wakalijadili usiku kucha.

Bwana mkubwa alikuwa na karatasi yenye nembo ya serikali. Kilichomshinda ni swali dogo ambalo hata mchota maji angeliuliza.

NA SISI JE?

Hapa ndipo penye uchungu, na naanza na nafsi yangu.

Miaka michache nyuma niliweka kwenye ukurasa huu picha ya watoto waliouawa. Niliandika kwamba ni ndugu zetu wa mahali fulani, na kwamba imetokea wiki ile. Nililia wakati naandika. Usiku kijana mmoja akaniandikia faragha, kwa adabu, akanionyesha kwamba picha ile ni ya zamani na ya nchi nyingine kabisa. Nikaifuta. Lakini ilikwishasambazwa magrupu kwa magrupu, na ukurasa wa kuomba radhi haukusambazwa na watu hata robo ya wale.

Niliyoyafanya ni yale yale niliyowalaumu wale wa Washington. Nilikuwa na upande, nikamwamini aliyeniletea, sikuuliza chanzo. Kwamba upande wangu ni wa wanaodhulumiwa hakukuufanya uongo kuwa kweli. Tena ulidhuru: siku ya pili mtu mmoja aliandika chini ya ukurasa, "Mnaona? Hata hizo picha zao nyingine ni za uongo." Nikawapa maadui wa wale ndugu silaha ya kuukanusha msiba wao wa kweli. Kuwait nako ilikuwa hivyo hivyo. Walikuwepo watu walioteswa kweli na askari wa Iraq, na uongo wa mashine za watoto ukautia shaka ushahidi wao.

Allah (SWT) ametuamrisha katika Suratul Hujurat, aya ya 6, kwamba akitujia fasiki na habari tuichunguze, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukabaki na majuto. Wafasiri wengi wametaja sababu ya kushuka kwake: mjumbe aliyetumwa kukusanya zaka kwa Bani al-Mustaliq alirudi na habari kuwa wamekataa na wanataka kumuua. Vita ilikaribia kupiganwa kwa habari ambayo haikuwa kweli. Hii aya ilishuka kuzuia yale yale yaliyotokea 1991 na 2003.

Na katika Suratun Nur, kuhusu uzushi aliozuliwa mama yetu Aisha (r.a.), aya ya 15 inawaelezea watu walioipokea habari kwa ndimi zao. Mtu hupokea habari kwa masikio, ndugu yangu. Hawa waliipokea kwa ndimi, haikupita masikioni wala moyoni, ilitoka ulimi huu ikaingia ulimi ule. Leo inatoka kidole hiki inaingia kidole kile.

Tahadhari moja. Wako vijana wakishasoma haya hugeuka na kusema kila habari ni uongo, kila gazeti ni la adui, kisha wanamwamini mtu asiyejulikana mwenye simu na sauti nzito. Huko ni kuhama ujinga kwenda ujinga. Aya imesema tuchunguze, haikusema tukanushe. Aliyefichua siri ya binti wa Kuwait alikuwa mwandishi wa Kimarekani, akiandika katika gazeti la Kimarekani. Na katika Suratul Maida, aya ya 8, tumekatazwa chuki ya watu isitupeleke kuacha uadilifu.

MASWALI MATANO KABLA HUJASAMBAZA

1. Nani kasema? Jina lake, mahali alipo, na alikuwepo au amesikia? Akiwa "chanzo kisichotajwa", muweke mahali pa majhul.

2. Njia zake ni ngapi kweli? Kurasa kumi zilizonakili ukurasa mmoja ni njia moja.

3. Nani ananufaika nikiiamini, na nani ametoa fedha?

4. Je, linawezekana? Piga hesabu ya watu, mahali na muda.

5. Moyo wangu uko wapi? Habari inayonifurahisha au kunikasirisha sana ndiyo ya kuichunguza zaidi, maana hapo pazia limekwishashuka.

Ukishindwa kujibu, nyamaza. Mtume (S.A.W) ametufundisha kwamba inamtosha mtu kuwa muongo kusimulia kila anachokisikia. Kunyamaza kwa nusu saa hakumdhulumu mtu, na video uliyoituma hutaweza kuirudisha.

Na huyo kijana aliyenisahihisha usiku ule, namuombea mpaka leo. Nanyi mkiona nimekosea katika somo hili, niambieni. Nitashukuru, na nitasahihisha hapa hapa hadharani.

Ewe Mola wetu, tuonyeshe haki kuwa ni haki na uturuzuku kuifuata, na utuonyeshe batili kuwa ni batili na uturuzuku kuiepuka. Wanusuru wanaodhulumiwa popote walipo, na usitufanye sisi kuwa sababu ya kutoaminiwa kwao. Amin.

Wallahu a'alam. Wabillahi tawfiq.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.